Mizigo ya Mpakani Katika Uigaji wa Nyenzo Laini Zenye Vitundu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeiga kwa kompyuta gegedu, haidrojeli, tishu za ubongo, diski za uti wa mgongo au sponji iliyolowa hukutana na matatizo yaleyale mpakani mwa modeli yake. Majibu haya yanahusu nadharia ya awamu mbili: kiunzi laini, na kimiminika kinachojaza vitundu vyake. Msingi wake uliwekwa na Terzaghi mwaka 1923 kwa udongo, Biot akaupanua kwa vipimo vyote vitatu mwaka 1941, na Mow na wenzake wakaupeleka kwenye gegedu mwaka 1980.

Hesabu zote hapa zinatumia kipande kimoja cha gegedu: unene 1 mm, moduli ya mgandamizo H ya 0.5 MPa (ile inayopimwa sampuli ikiwa imezuiliwa pembeni), na upenyezaji k wa 10⁻¹⁵ m⁴/N·s. Kwa wanaofanya kazi kwa milimita na nyutoni, upenyezaji huo ni 0.001 mm⁴/N·s.

Kuna tofauti gani kati ya mzigo kwenye nyenzo hizi na mzigo kwenye chuma?

Kwenye chuma, kila sehemu ya mpaka inahitaji sharti moja kwa kila mwelekeo: ama unajua msogeo, ama unajua mkazo. Kwenye nyenzo yenye vitundu linaongezeka sharti la maji: ama unajua shinikizo lake pale mpakani, ama unajua kiasi kinachopita. Masharti haya mawili yanajitegemea. Uso unaweza kubanwa na bamba lisilopitisha maji, ukabanwa na bamba lenye matundu, ukaachwa huru ndani ya bafu la maji, au ukaachwa huru lakini umefunikwa kwa utando. Ni hali nne tofauti, na kila moja ina matokeo yake.

Mkazo wote ndani ya nyenzo ni jumla ya mkazo wa kiunzi na shinikizo la maji:

σ = σₖ − p I

Hapa σ ni mkazo wote, σₖ ni mkazo wa kiunzi, p ni shinikizo la maji, na I ni matriki ya utambulisho, inayoonyesha kwamba shinikizo husukuma sawa kila upande.

Alama ya kutoa ipo kwa sababu mkazo wa kuvuta unahesabiwa kuwa chanya, ilhali shinikizo la maji husukuma. Andika mlinganyo huu mahali utakapouona kila siku. Karibu kila kosa la mpakani ninaloulizwa linatatuliwa kwa kurudi kwake.

Nisipoandika chochote kuhusu maji kwenye uso fulani, programu inachukulia nini?

Inachukulia kwamba uso huo umezibwa. Katika njia ya elementi (finite elements), ambayo hugawa umbo katika vipande vidogo, yaani elementi, vinavyoungana kwenye pointi ziitwazo nodi, sharti lisiloandikwa maana yake ni mtiririko sifuri, kama vile mzigo usioandikwa maana yake ni mkazo sifuri. Watu wengi hutarajia kinyume chake, kwamba uso usioguswa uko wazi. Dalili ni rahisi kuitambua: unaweka mzigo, sampuli inabonyea kidogo sana au haibonyei kabisa, shinikizo linapanda hadi kulingana na mzigo, kisha linabaki palepale hata ukisubiri saa nyingi. Maji hayana pa kutokea.

Uso ulio wazi kwa bafu au hewa unahitaji p = 0, iliyoandikwa waziwazi. Katika programu ya Abaqus shinikizo la vitundu ni shahada ya uhuru (kigeu kinachotafutwa kwenye kila nodi) namba 8, na utaliwekea sifuri kwenye nodi za uso huo kama unavyoweka sifuri kwenye msogeo.

Nimeweka shinikizo la maji juu ya uso. Kwa nini sampuli inavimba badala ya kubonyea?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake likieleweka, nusu ya maswali mengine yanajijibu.

Chukua jaribio la upenyezaji. Kipande chetu kimewekwa juu ya kichujio kigumu, maji ya shinikizo la 0.05 MPa yako juu, na chini ya kichujio shinikizo ni sifuri. Pembeni kuna kuta laini zisizo na msuguano. Mwanafunzi anaandika p = 0.05 juu, p = 0 chini, anabana nodi za chini, kisha anaendesha. Kipande kinarefuka kwenda juu.

Programu haijakosea. Kwa kuwa hakuandika mzigo wowote juu, mkazo wote pale ni sifuri. Mlinganyo unasema 0 = σₖ − 0.05, hivyo kiunzi kinapata mkazo wa kuvuta wa 0.05 MPa. Ukigawa kwa H, uso wa juu unanyooka kwa asilimia 10. Shinikizo likishuka mstari mnyoofu hadi sifuri chini, wastani wa kunyooka ni asilimia 5, na kipande cha 1 mm kinaongezeka kwa 0.05 mm.

Katika maabara, maji yaliyo juu hayaingii tu kwenye vitundu, bali yanausukuma uso mzima, kiunzi na vitundu pamoja. Kwa hiyo unatakiwa kuweka vitu viwili: p = 0.05 MPa kama sharti la maji, na mzigo wa kusukuma wa 0.05 MPa kwa mchanganyiko wote. Sasa σₖ juu ni sifuri, chini ni −0.05 MPa, na kipande kinabonyea kwa 0.05 mm. Ukubwa ni uleule, mwelekeo umegeuka. Ndiyo maana kosa hili ni hatari: namba inaonekana ya kuaminika, na asiyeangalia alama anaweza kuichapisha.

Kanuni ya kushika: popote maji ya nje yenye shinikizo yanapougusa uso ulio wazi, shinikizo na mzigo wake huandikwa pamoja. Kama bafu lote lina shinikizo moja, jiepushe na kazi hiyo kwa kulihesabu bafu kuwa sifuri. Kiunzi na maji vikichukuliwa kuwa havisinyai, shinikizo la sare pande zote halibadilishi umbo hata kidogo.

Programu yangu ina mzigo wa mchanganyiko wote na mzigo wa kiunzi peke yake. Nichague upi?

Mara nyingi, mchanganyiko wote. Pistoni isiyopitisha maji inausukuma uso bila kujua wala kuchagua nani anabeba nini. Mgawanyo wa mzigo kati ya kiunzi na maji ni matokeo ya hesabu, na unabadilika kadiri muda unavyopita. Ukiweka mzigo huo, tuseme wa 0.01 MPa, kama mzigo wa kiunzi, umeiambia programu kwamba kiunzi kinabeba 0.01 MPa tangu mwanzo, na shinikizo lolote la maji chini ya pistoni linaongezwa juu yake. Nguvu halisi kwenye pistoni inakuwa kubwa kuliko uliyokusudia.

Mzigo wa kiunzi una mahali pake panapofaa, na mfano ni uso unaoguswa na maji yenye shinikizo: ukishaweka p, mzigo wa kiunzi wa sifuri unamaanisha kwamba hakuna kitu kingine kinachousukuma ila maji hayo. Kwenye jaribio la upenyezaji hapo juu, hii ni njia ya pili ya kuandika jambo lilelile. FEBio, programu ya uigaji wa tishu, ina chaguo hilo ndani ya mzigo wa uso. Hakikisha umesoma alama pia: kwenye mzigo wa mkazo chanya ni kuvuta, kwenye mzigo wa shinikizo chanya ni kusukuma.

Uso ukiwa na p = 0, aina zote mbili zinatoa jibu moja.

Nguvu ya pistoni niigawe sawasawa juu ya uso?

Ikiwa pistoni ni ngumu na kuna kuta pembeni, utapata matokeo yaleyale. Nje ya hapo, hapana. Mzigo uliosambazwa sare unauacha uso upinde, wakati pistoni ngumu inaulazimisha ubaki bapa na kuuacha mkazo utofautiane. Tengeneza pistoni kama kitu kigumu, ifunge na uso, kisha weka nguvu moja kwenye pistoni yenyewe. Kwa diski ya kipenyo cha 6 mm, eneo ni 28.3 mm², hivyo mkazo wa wastani wa 0.01 MPa ni nguvu ya 0.283 N.

Mzigo niuweke ghafla au niupandishe polepole?

Inategemea unadhibiti nini, na hapa tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kipimo cha muda wa sampuli ni h²/(Hk), ambapo h ni unene. Kwa kipande chetu kinachotoa maji juu tu ni sekunde 2000, zaidi kidogo ya nusu saa. Ukidhibiti nguvu, mzigo wa ghafla wa 0.01 MPa hauna madhara makubwa: mara moja maji yanabeba 0.01 MPa kila mahali ndani, isipokuwa tabaka jembamba chini ya uso ulio wazi, ambapo kiunzi kinafupika kwa asilimia 2. Tabaka hilo lina unene wa takriban √(Hkt). Baada ya sekunde 1 ni 0.022 mm, baada ya sekunde 100 ni 0.22 mm.

Ukidhibiti msogeo, mambo hugeuka. Tuseme unataka kukibonyeza kipande kwa 0.1 mm ndani ya kuta, na umechagua sekunde 10 ukidhani ni polepole. Maji yote yanayotoka lazima yapite kwenye uso wa juu kwa kasi ya pistoni, 0.01 mm/s. Kwa upenyezaji wa 0.001, hilo linadai shinikizo libadilike kwa MPa 10 kwa kila milimita karibu na uso. Suluhisho la mstari linasema tabaka la juu lingefupika kwa asilimia 160, jambo lisilowezekana, kwani nyenzo haiwezi kufupika zaidi ya urefu wake. Programu inayotumia mabadiliko makubwa ya umbo itasimama na kulalamika kuhusu elementi zilizopinduka. Ukichukua sekunde 500, kufupika kwa uso kunashuka hadi karibu asilimia 23. Na kwa kuwa upenyezaji wa gegedu hupungua linapobanwa, hali halisi ni ngumu zaidi ya hesabu hii.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu modeli ya nyenzo au kubadilisha mbinu ya kusuluhisha, gawa msogeo kwa muda, kisha gawa tena kwa k. Namba utakayopata ni mteremko wa shinikizo unaodaiwa na mpaka wako.

Kwa nini shinikizo linapanda na kushuka kama mawimbi karibu na uso ulio wazi?

Kwa sababu hatua ya muda ni ndogo mno kwa meshi (mgawanyo wa elementi) uliyonayo. Katika matatizo mengi hatua ndogo huleta usahihi, lakini hapa ina kikomo cha chini. Vermeer na Verruijt walionyesha mwaka 1981 kwamba, kwa elementi za mstari katika kipimo kimoja na mbinu ya kurudi nyuma kwa muda, hatua isipungue

Δt ≥ (Δx)² / (6Hk)

Δt ni hatua ya muda na Δx ni unene wa elementi; kwa elementi za 0.05 mm kikomo ni sekunde 0.83. Ukianza na hatua ya sekunde 0.1, tabaka la mpakani bado liko ndani ya elementi moja, na elementi hiyo haiwezi kuchora mteremko ulio ndani yake, hivyo inaruka juu na chini. Ukihitaji kweli matokeo ya sekunde 0.1, fanya elementi za mpakani ziwe na unene wa 0.017 mm au chini ya hapo. Hazihitajiki kila mahali. Zisogeze karibu na uso ulio wazi na ziache zipanuke kuelekea ndani.

Kuna chanzo cha pili kinachofanana nacho kwa sura: msogeo na shinikizo kuchorwa kwa elementi za daraja lilelile. Mwanzoni kabisa nyenzo inajiendesha kama isiyosinyaa, na jozi hiyo ya elementi haiko imara. Elementi zenye msogeo wa daraja la pili na shinikizo la daraja la kwanza, au mbinu ya kuimarisha, huondoa tatizo. Ukibadilisha hatua ya muda na mawimbi yakabaki, tafuta hapa.

Nitajuaje kwamba masharti yangu ni sahihi kabla ya kwenda kwenye umbo halisi?

Anza na mgandamizo wa ndani ya kuta, ambao una jibu kamili la Terzaghi. Weka 0.01 MPa juu ya kipande chetu, p = 0 juu, chini pamezibwa na kubanwa, pembeni nodi zizuiwe zisitoke. Mwishoni uso lazima ushuke 0.02 mm. Baada ya sekunde 200 uwe umefika asilimia 36 ya hapo, na baada ya sekunde 2000 asilimia 93. Shinikizo chini kabisa lianze karibu na 0.01 MPa kisha liishe polepole.

Halafu fanya ukaguzi wa aina mbili kwenye kila modeli, hata ile isiyo na jibu la kitabuni. Jumla ya nguvu za mwitikio ilingane na mzigo uliouweka. Na ujazo wa maji uliotoka kupitia nyuso zote ulingane na upungufu wa ujazo wa sampuli. Ukaguzi wa pili ndio unaosahaulika, na ndio unaogundua uso uliozibwa bila kukusudia.

Na mgandamizo bila kuta?

Mabamba ya juu na chini yasiyopitisha maji huachwa bila sharti la maji, na p = 0 huwekwa kwenye uso wa pembeni. Amua waziwazi kama bamba linateleza au limeshika sampuli. Likishika, pembeni mwa bamba mkazo unakuwa mkali mno, usiusome hapo kama matokeo.

Kumbuka kwamba maji sasa yanasafiri kwa nusu kipenyo. Kwa diski ya 6 mm, kipimo cha muda ni 3²/0.0005, yaani sekunde 18,000, mara tisa ya ule wa mgandamizo wa ndani ya kuta. Pia, kwa kiunzi cha mstari chenye sifa sawa kila upande na bamba lisilo na msuguano, maji hubeba theluthi moja tu ya mzigo mwanzoni. Vipimo vya gegedu vinaonyesha sehemu kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu kolajeni hustahimili kuvutwa kuliko kiunzi kinavyostahimili kubanwa. Ukiona theluthi, mpaka wako uko sawa. Kinachohitaji kubadilishwa ni modeli ya kiunzi.

Kidude cha kubonyeza kinagusa sehemu tu ya uso. Maji niyawekee sharti gani?

Nje ya mguso, p = 0. Chini ya kidude kisichopitisha maji, mtiririko sifuri. Ugumu ni kwamba eneo la mguso linakua kadiri kidude kinavyoingia, hivyo nodi iliyokuwa wazi sekunde moja iliyopita inakuwa imezibwa sasa. Ukiweka p = 0 kwenye uso wote na kuiacha, umekigeuza kidude kuwa chujio: shinikizo halijengeki na nguvu inatoka ndogo. Tumia aina ya mguso iliyotengenezwa kwa nyenzo za awamu mbili, inayozima na kuwasha sharti la maji yenyewe. Ikiwa programu yako haina, gawa uso kwa pete na ubadilishe sharti kwa kila hatua. Ni kazi ya kuchosha, ila jibu lake linaaminika.

Umbo likibadilika sana, mzigo unafuata uso?

Shinikizo la maji hufuata: daima limesimama pembe mraba na uso wa sasa, na hutenda juu ya eneo la sasa. Uzito uliotundikwa haufuati. Programu huwa na chaguo kwa kila mzigo, na chaguo la kuanzia halifanani kati ya programu na programu. Mzigo unaofuata uso unaweza kuifanya matriki ya ukakamavu (jedwali la milinganyo ambalo programu husuluhisha) isiwe na ulinganifu. Hesabu ikikataa kutulia, washa kisuluhishi kisichodai ulinganifu.

Modeli yangu ina chumvi na chaji. Bafu lina p = 0, kwa nini sampuli inaanza kusogea kabla ya mzigo wowote?

Katika modeli za osmosi kama zile za FEBio, kinachowekwa mpakani ni shinikizo fanisi la maji (effective fluid pressure), yaani shinikizo la kawaida ukitoa mchango wa osmosi, RTc: kiwango thabiti cha gesi R mara joto kamili T mara jumla ya viwango vya ioni c (kwa mgawo wa osmosi wa 1). Kwa bafu la chumvi ya mezani ya 0.15 M, jumla ya ioni ni 300 mol/m³. Kwa joto la 298 K, RTc ni takriban 0.743 MPa. Kwa hiyo bafu lenye p = 0 linaandikwa −0.743 MPa, na hali ya mwanzo ndani ya sampuli lazima iandikwe kwa mpango huohuo. Ukiandika sifuri, umeilazimisha sampuli iwe na shinikizo la ziada la 0.743 MPa, kubwa kuliko moduli yenyewe.

Hata ukiandika sawa, chaji za kiunzi zitaivimbisha sampuli. Ipe hatua ya kutulia kwanza, kisha weka mzigo.

Uzito wa nyenzo yenyewe niuweke?

Kwa gegedu la 1 mm, hapana. Safu ya maji ya 1 mm ni takriban paskali 10, na H ni paskali 500,000. Kwa haidrojeli laini yenye moduli ya paskali mia chache na unene wa sentimita kadhaa, hesabu kwanza. Ikiwa imezama, kinachohesabika ni tofauti ya msongamano wa kiunzi na maji.

Upenyezaji wangu uko kwa m/s. Ni kitu kilekile?

Hapana. Huo tayari umezidishwa kwa uzito wa maji kwa ujazo, takriban 9,810 N/m³, na ndio Abaqus inaoutaka. Upenyezaji wetu wa 10⁻¹⁵ m⁴/N·s unakuwa 9.81 × 10⁻¹² m/s. Ukiuchanganya, mipaka yote itaonekana imeharibika ilhali haina kosa.

Kwenye bapa za ulinganifu niweke nini?

Zuia msogeo wa kuvuka bapa, na sharti la maji liache tupu. Mtiririko sifuri ndio ulinganifu wenyewe. Ukiiga robo ya diski, weka robo ya nguvu: 0.071 N badala ya 0.283 N. Angalia pia kona ambapo bapa inakutana na uso ulio wazi. Nodi za mstari huo ni za nyuso zote mbili, zinahitaji msogeo uliozuiwa pamoja na p = 0, na ukichagua nodi kwa uso mmoja tu, programu haitakuonya kwamba mstari mzima umebaki umezibwa.